TUJUE TUNAVYOSOMEKA KWA WAKOPESHAJI

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, Masumbwe, Wilaya ya Mbogwe



Tunajua kila aliyekaa hapa ameacha kitu: duka, shamba la mpunga, karasha au pikipiki. Kwa sababu hiyo tutasema jambo moja tu, ila tutalisema kwa kirefu kidogo kwa kuwa linagusa mfuko wa kila mmoja wetu. Jambo lenyewe ni hili: kila anayekopa katika mfumo rasmi anaandikwa mahali fulani, na wengi wetu hatujawahi kusoma tulichoandikiwa. Mkopeshaji anatusoma, sisi hatujisomi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata daftari likiwepo, kama mwenye mali hajui lilivyoandikwa, habari zake ziko mikononi mwa wengine.

Tumeandikwa wapi?

Mwaka 2012 wengi wetu tunaukumbuka kwa sababu ndio mwaka ambao Geita ilikuwa mkoa na Mbogwe ikawa wilaya, na Masumbwe yetu ikatoka katika Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huohuo Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kanuni za taasisi zinazotunza taarifa za wakopaji, kwa nguvu ya Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006. Mwaka uliofuata, 2013, taasisi mbili zilipewa leseni: Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Kazi yao ni kupokea taarifa kutoka kwa mabenki na wakopeshaji wengine, kuzipanga kwa jina la kila mkopaji, na kuwapa wakopeshaji wanapotaka kujua mtu aliyeketi mbele yao ni wa namna gani.

Taarifa hiyo inasema ulikopa wapi, kiasi gani, ulilipa kwa wakati au ulichelewa, na deni gani bado liko mgongoni. Kutokana nayo hukokotolewa namba moja, yaani alama ya mkopaji. Tuzitenganishe hizi mbili. Taarifa ni kama karatasi zote za mtihani wa mwanafunzi, na alama ni ile jumla iliyoandikwa kwenye ripoti. Mzazi anayeona jumla bila kuona karatasi hajui mtoto alikosea wapi, na wala hajui kama mwalimu alijumlisha vizuri.

Baadhi yenu mtasema: sisi hatujakanyaga benki. Ni kweli, lakini simu zetu zimekanyaga. Tangu huduma kama M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, mkopo wa simu umefika mpaka machimboni, na nyuma ya mikopo hiyo kuna benki. Shilingi elfu ishirini aliyokopa kijana usiku mmoja na kuisahau baada ya kutupa laini inaweza kuwa ndiyo sura yake ya kwanza mbele ya wakopeshaji.

Wenzetu wenye kadi za mkopo

Tutoke kidogo nje tuone wengine walivyopita njia hii. Nchini Marekani watu wengi hununua kwa kadi ya mkopo. Mtu ananunua leo, benki inalipa, yeye anarudisha mwisho wa mwezi au kidogo kidogo kwa riba. Anayeamua nani apewe kadi, kwa riba ya kiasi gani na mpaka kikomo gani, hutazama alama. Alama inayojulikana zaidi huitwa FICO. Ilianza mwaka 1989 na huenda kutoka 300 hadi 850. Asilimia 35 ya alama hiyo hutokana na jinsi mtu alivyolipa madeni yake, na asilimia 30 hutokana na kiasi anachodaiwa. Asilimia 15 ni urefu wa historia yake, 10 ni mikopo mipya anayoomba, na 10 iliyobaki ni aina za mikopo aliyonayo.

Kwa miaka mingi mwenye kadi hakuiona namba hiyo mpaka alipie. Mwaka 2003 ilipitishwa sheria iliyompa kila raia haki ya kupata taarifa yake bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila moja ya taasisi tatu kubwa: Equifax, Experian na TransUnion. Sheria hiyo ilitoa taarifa, haikutoa alama. Alama ilifuata miaka kumi baadaye. Mwaka 2013 wenye FICO waliwaruhusu wakopeshaji kuwaonyesha wateja alama zao bila malipo, na kampuni za kadi kama Discover zikaanza kuichapisha kwenye hati ya kila mwezi. Siku hizi taasisi hizo tatu hutoa taarifa bure hata kila wiki, utaratibu ulioanza mwaka 2020 wakati wa korona na kufanywa wa kudumu mwaka 2023. Uingereza nako mtu alilipia paundi 2 kuona taarifa yake mpaka mwaka 2018, malipo hayo yalipoondolewa.

Je, kuona kulibadilisha chochote? Watafiti watatu, Homonoff, O'Brien na Sussman, waliwafuatilia wateja zaidi ya laki nne wa Sallie Mae, kampuni ya mikopo ya wanafunzi. Wote waliweza kuona alama yao bure, lakini baadhi yao tu walitumiwa ujumbe wa kuwakumbusha kuitazama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Waliokumbushwa walichelewa kulipa kidogo kuliko wenzao, alama zao zilipanda kidogo, na walipungua waliokuwa wakijidhania wako juu kuliko walivyo.

Tuseme ukweli, tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Lakini haikuhitaji kumfukuza mtu mlangoni, kuchukua godoro lake wala kutangaza jina lake. Mtu alionyeshwa tu anavyosomeka, akajirekebisha mwenyewe.

Faida nyingine ni kusahihisha. Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa uchunguzi mwaka 2013 ulioonyesha kwamba mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa katika angalau taarifa yake moja, na kwa asilimia 5 kosa lilikuwa la kutosha kuwafanya wakopeshwe kwa masharti magumu zaidi. Kama huko kwenye mitambo na wataalamu wa kila aina makosa yalifika hapo, tusidhani majina yetu yanayofanana, namba za simu zinazobadilika na vitambulisho vilivyoazimishwa havijazaa makosa hapa.

Mkopeshaji naye anapata nini?

Wapo wanaodhani kumwonyesha mteja taarifa zake ni hasara kwa mkopeshaji. Tulitazame jambo hili pande zote mbili.

Faida ya kwanza ni kwamba mteja anayejua kuwa kuchelewa kwake kunaonekana na wakopeshaji wote hulipa kwa uangalifu zaidi, na mkopeshaji hupunguza gharama za kufuatilia madeni. Ya pili, makosa yanayogunduliwa na mteja humsaidia mkopeshaji pia, kwa kuwa hakuna faida ya kumnyima mkopo mlipaji mzuri kwa sababu ya jina la mtu mwingine. Ya tatu ni imani. Mteja aliyeonyeshwa sababu ya kukataliwa huenda akarudi baada ya miezi sita akiwa amejirekebisha. Aliyekataliwa kimya kimya huenda akaondoka na uchungu asirudi tena.

Hasara ipo pia, ila kwetu ni habari njema. Mteja mwenye alama nzuri akishaijua, hakubali tena riba ya mtu asiyejulikana. Ataichukua taarifa yake na kwenda dirisha la pili kuuliza bei. Kwa hiyo mkopeshaji aliyezoea kuwatoza wote sawa, mwema na msumbufu, atalazimika kushusha riba kwa walipaji wazuri au kuwapoteza.

Hapa Tanzania mikopo chechefu katika mabenki ilikuwa zaidi ya asilimia 10 ya mikopo yote mwaka 2017, na mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 5. Hatusemi ni taarifa za wakopaji peke yake zilizofanya hivyo, maana Benki Kuu ilichukua hatua nyingi. Tunasema tu kwamba mkopeshaji anayemjua mkopaji hupoteza kidogo, na kwa haki asiye na hasara kubwa hana sababu ya kutoza riba kubwa.

Si kila cha bure ni bure

Tusije tukaondoka hapa na nusu ya habari. Kuna kampuni za Marekani zinazoonyesha alama bure na kupata fedha kwa kukutangazia kadi na mikopo. Moja wapo, Credit Karma, iliamriwa kulipa dola milioni 3 baada ya Tume ya Biashara kuituhumu kwamba iliwaambia watu wamekwishakubaliwa kadi, kumbe walipoomba wengi walikataliwa. Amri hiyo ilikamilishwa mwaka 2023. Anayekuonyesha alama yako asubuhi na kukushawishi ukope jioni amekufanya bidhaa.

Tena, alama si kipimo cha utu. Mjane asiyewahi kukopa hana alama, lakini si mtu mbaya. Mkulima wa pamba ambaye mvua ilimkatisha tamaa anaweza kuwa na alama ndogo, lakini si mwizi. Na kujua alama hakulipi deni: asiye na kipato hataokolewa na namba. Kwa hiyo taarifa itazamwe pamoja na mtu mwenyewe, shughuli yake na majirani wanaomjua.

Majirani zetu Wakenya wametufundisha jambo hili kwa gharama. Utaratibu wa taasisi za taarifa za mikopo ulianza kwao mwaka 2010, na kwa miaka ya mwanzo ulikusanya habari mbaya tu za wasiolipa. Mikopo ya simu ilipoongezeka, watu wengi sana walijikuta wameorodheshwa kwa vijisenti. Mwezi Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilizuia kuorodheshwa kwa madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 za Kenya, ikawaondolea wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina, na ikafuta malipo ya cheti cha kwanza cha kuonyesha kwamba mtu hadaiwi. Ona ndugu zangu: mtu alikuwa akilipia ili athibitishe usafi wake mwenyewe. Daftari linaloandika mabaya peke yake, na ambalo mwenye jina hawezi kulifungua, hugeuka kuwa kitisho.

Turudi Masumbwe

Kwa nini tumesema haya yote hapa barabarani kati ya Kahama na Ushirombo, ambako hata mwenye kadi ya mkopo ni vigumu kumpata? Kwa sababu ya mkopo mnaouita kausha damu.

Tuchukue mfano. Mama muuza mchele anahitaji shilingi 1,000,000 kwa miezi sita. Tuseme katika SACCOS riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Kwa hesabu rahisi ya riba isiyopungua, atalipa 180,000 juu ya deni lake. Tuseme mkopeshaji wa mtaani anatoza asilimia 20 kwa mwezi. Kwa miezi sita riba ni 1,200,000, yaani riba imelizidi deni lenyewe. Tofauti ya 1,020,000 ndiyo ada ya shule, ndiyo mabati ya nyumba, ndiyo mtaji wa msimu ujao. Na mara nyingi kinachompeleka mama huyu kwa mkopeshaji wa pili si uvivu wake. Hana karatasi inayomsemea, au anayo yenye doa asilolijua.

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Wakopeshaji wa namna hiyo hawataki ujue unavyosomeka. Faida yao iko katika giza lako.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA vyetu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inampa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinazotunzwa na kuomba zisahihishwe zikiwa na kosa. Ipo Tume yake inayopokea malalamiko. Haki hizi hazitakuja Masumbwe zenyewe kwa basi. Ni lazima tuziulizie.

Mambo tunayowaomba mkayafanye

(a) Kila mwenye simu abonyeze *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Mkopo wa simu huandikwa kwa jina la aliyesajili laini. Kama ulimsajilia kijana wa duarani aliyekwishahamia machimbo mengine, madeni yake yanaweza kukaa kwa jina lako. Laini usiyoitambua ikafutwe kwa mtoa huduma.

(b) Ukinyimwa mkopo, usiondoke na neno la mdomo. Uliza kwa heshima: ni taarifa gani iliyotumika, imetoka taasisi gani, na inasema nini? Kisha iombe taasisi hiyo taarifa yako. Ukiona kosa, andika barua, ambatisha risiti, baki na nakala. Anza na mkopeshaji mwenyewe. Asipokujibu, Benki Kuu ina utaratibu wa kupokea malalamiko ya wateja, na tawi lake la Mwanza si mbali sana.

(c) Tunza kila risiti. Kwa wachimbaji wadogo, tangu masoko ya madini yalipoanza mwaka 2019, dhahabu inayouzwa sokoni inatoka na karatasi. Karatasi hiyo ni ushahidi wa kipato. Anayeuza kwa njia za panya anapata fedha ya haraka, lakini anabaki mtu asiye na historia, na asiye na historia hukopa kwa bei ya wageni.

(d) Ukimaliza deni, omba barua ya kuthibitisha umemaliza. Ukishindwa kulipa, nenda kaseme kabla ya tarehe, si baada yake. Mkopeshaji mwenye busara hupanga upya deni la mtu aliyejitokeza.

(e) Hili ni la viongozi. Tuanze na madaftari yetu wenyewe. Ni vikundi vingapi kati yetu vina mwanachama anayejua hisa zake lakini hajawahi kuonyeshwa ukurasa wake wote: alichelewa mara ngapi, alipigwa faini ngapi, amemdhamini nani na mdhaminiwa huyo analipaje? Tunapendekeza kila robo mwaka kila mwanachama aketi na katibu, wawili tu, aonyeshwe ukurasa wake bure, na aweke saini kwamba amekubali au amepinga. Mdhamini aonyeshwe pia hali ya deni alilodhamini, kabla sanduku halijamwita kulipa.

(f) Na hili tunaliomba kwa moyo wote: tuache kusoma majina ya wadaiwa mbele ya watu, iwe sokoni, kilabuni au hata kanisani. Ukurasa wa mtu ni wake na wa kikundi chake. Kuonyeshwa hurekebisha, kuaibishwa hufukuza. Mtu aliyeaibishwa anahama na deni letu linahama naye.

Hitimisho

Ndugu zangu, Maandiko hayatufundishi kwamba kukopa ni dhambi. Yanamkemea anayekopa akakusudia kutolipa, na yanamkemea vilevile anayemgandamiza maskini kwa riba. Yanataka mizani iwe ya haki pande zote mbili. Katika ule mfano wa talanta, watumwa wote watatu walijua wamepewa kiasi gani na siku ya hesabu walisimama mbele ya bwana wao wakijua kilichomo mikononi mwao. Sisi tunaitwa kwenye hesabu tusiyojua imeandikwaje, na mizani ambayo upande mmoja tu unaiona si ya haki.

Hatuombi mtu yeyote afutiwe deni lake halali. Tunaomba mkopaji aione karatasi ileile anayoiona mkopeshaji, bila kulipia, na kwa lugha anayoielewa. Penye mwanga huo mlipaji mwema atapata bei anayostahili, mkosaji atapata nafasi ya kujirekebisha, na mkopeshaji wa haki hatakuwa na cha kuogopa.

Tukirudi vikundini, swali la kwanza la mkutano ujao liwe hili: nani kati yetu amewahi kuuona ukurasa wake? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na makatibu watuletee idadi hiyo robo ijayo. Tutapita kikundi kwa kikundi kuona kazi ilivyoanza.